Jiwe, karatasi, makasi

Huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, neno mshipa linabebeshwa mzigo mkubwa. Mshipa ni ule wa damu. Mshipa ni kano inayovuta kisigino. Mshipa ni neva. Nimesikia kwamba huko pwani hata ugonjwa wa ngiri wanauita mshipa. Kwa hiyo mama akifika kituoni na mtoto mgongoni, akaniambia, "Mama kine, mushipa yake ya mkono ilikufa," ninakuwa bado sijaambiwa kitu. Ninainama, ninamshika mtoto kidole gumba, ndipo mazungumzo yanaanza.

Kine ndivyo mji unavyotuita sisi tunaonyoosha viungo. Nina miaka 17 katika kazi hii, na sehemu kubwa nimeipitisha na watoto ambao mkono mmoja haufanani na mwenzake. Wengi ni wale walioumia wakati wa kuzaliwa: bega lilikwama, kichwa kikavutwa, neva za shingoni zikanyooka kupita kiasi. Hao tunawaona kila wiki. Leo nataka kuandika juu ya kundi dogo zaidi, wale wanaozaliwa bega moja likiwa juu, wakapelekwa kupasuliwa ili lishushwe. Na ndani ya habari hiyo nina swali moja ninalolibeba kila mahali: daktari akishusha bega, nani analinda neva?

Swali hili nililetewa na mvulana wa miaka 9. Alikuja kwangu miezi mitatu baada ya upasuaji uliofanywa mbali na hapa. Kovu lilikuwa safi. Bega lilikuwa limeshuka vizuri hata mtu angempongeza fundi. Lakini chini ya bega hilo zuri mkono ulining'inia, kiwiko hakikunjiki, kiganja kimetazama nyuma. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja wa maana: operesheni ilifaulu. Nikamuuliza baba yake, kabla ya kupasuliwa alikuwa anakunja kiwiko? Baba akakaa kimya kidogo. "Nafikiri ndiyo." Mama yake akamkatiza: hapana, mkono ule ulikuwa dhaifu tangu utotoni. Niliwapigia simu waliompasua. Hawakuwa wameandika popote. Kwa hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusema kama neva iliumia siku ile, au saa gani, au kama ilikuwa mgonjwa tangu zamani. Tulifanya mazoezi mwaka mzima. Kiwiko kilirudi. Bega halikurudi.

Nilikasirika sana wakati ule, na hasira hiyo haijaniisha. Ila nimejifunza kuielekeza mahali inapostahili.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu kina mama wengi wanaobeba watoto hawa wanabebeshwa pia lawama. Wanaambiwa walimbeba mtoto upande mmoja, au alianguka wakaficha, au kuna mtu kwenye ukoo alifanya jambo. Ukweli ni huu. Kombe la bega la kila mmoja wetu lilianzia shingoni. Linaanza kuumbika huko juu mimba ikiwa na wiki kama 5, halafu linateremka taratibu hadi nyuma ya mbavu kabla mwezi wa tatu haujapita sana. Kwa watoto wachache safari hiyo inakatika njiani. Mtoto anazaliwa kombe likiwa juu, dogo, limegeuka, na mara nyingi kuna ufito wa mfupa au gegedu unaolifunga na pingili za shingo. Daktari Mjerumani Otto Sprengel aliandika juu ya watoto wanne wa namna hii mwaka 1891, na tangu hapo ulemavu huu unabeba jina lake, ingawa daktari mwingine, Eulenburg, alishauandika mwaka 1863. Mama hakufanya kosa lolote. Wakati mimba inafika wiki hizo, wanawake wengi ndiyo kwanza wanajua kwamba ni wajawazito.

Bega lililo juu si suala la sura tu. Mtoto hawezi kuinua mkono hadi sikioni kwa sababu kombe halizunguki inavyotakiwa. Binti hawezi kujisuka, hawezi kushika ndoo kichwani kwa mkono ule. Daktari Cavendish, mwaka 1972, aliyapanga mabega haya kwenye ngazi nne: ya kwanza huioni mtoto akiwa amevaa nguo, ya nne kona ya kombe inakaribia kugusa kisogo. Ngazi za chini tunafanya mazoezi na tunamwacha mtoto kwa amani. Ngazi za juu, mtoto akiwa kati ya miaka 3 na 8, upasuaji unazungumzwa.

Upasuaji wenyewe, kwa njia iliyoenea sana, ni wa daktari Woodward wa mwaka 1961. Mtoto analazwa kifudifudi, anapasuliwa katikati ya mgongo kuanzia shingoni, misuli inayoshika kombe inabanduliwa kutoka kwenye uti wa mgongo, ule ufito wa mfupa unatolewa, kombe linavutwa chini, misuli inashonwa tena ngazi kadhaa chini ya pale ilipokuwa. Ni kama kuhamisha pazia: huukati mkia wake, unashusha fito.

Na hapo ndipo neva inapoingia hatarini.

Neva zote za mkono zinatoka shingoni, mizizi mitano, ya shingo namba 5 hadi ile ya kwanza ya kifua. Zinasukana na kuachana na kusukana tena, zinapita kwenye upenyo mwembamba kati ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, na ubavu wa kwanza, halafu zinaingia kwapani. Mshipa mkubwa wa damu wa mkono unapita nazo mlango huohuo. Mtoto aliyezaliwa bega likiwa juu, neva zake zimekua kwa urefu wa safari fupi. Siku unaposhusha bega sentimita kadhaa kwa dakika chache, unaziomba neva zirefuke ghafla, na papo hapo mtulinga unashuka juu ya ule ubavu na kufunga mlango. Ndiyo maana wapasuaji wengi, mtoto akiwa mkubwa kidogo au bega likiwa juu sana, wanaukata mtulinga kwanza ili usifanye kazi ya mkasi.

Mshipa wa damu ukijeruhiwa kila mtu chumbani anajua. Damu inaruka, kitambaa kinalowa, watu wanakimbia. Neva ikibanwa hakuna kinachoonekana. Mtoto amelala, mkono umelegea kwa dawa, na mkono uliolegea kwa dawa unafanana kabisa na mkono uliolegea kwa sababu neva imezimika. Unaweza kufunga jeraha, ukanawa mikono, ukaenda kunywa chai, na jambo baya limekwisha kutokea nusu saa iliyopita.

Kuna mashine ya kusikiliza neva. Niliiona Ubelgiji, nilipopelekwa kwa mafunzo ya miezi michache. Siku ile mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 5, bega la kushoto. Nilikuwa nimeomba kusimama kona yoyote. Kabla ya daktari hajanawa, aliingia mwanamke mmoja na kigari chenye skrini. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, mchana kutwa: neva. Alimchoma mtoto sindano nyembamba kama unywele kwenye ngozi ya kichwa, nyingine juu ya mtulinga, nyingine kwenye misuli ya bega, ya mkono wa juu, ya kiganja chini ya gumba. Pande zote mbili, hata upande ulio mzima. Halafu akazichukua nyaya, za rangi nyingi, akaanza kuzisuka. Nilidhani ni mazoea ya mikono tu. Akaniambia nyaya zilizosukwa pamoja zinaokota kelele chache za umeme kuliko nyaya zilizotawanyika. Nikamwangalia akisuka hadi mwisho, mkia mrefu kama wa binti anayejiandaa kwa komunyo, na nikajisikia nyumbani kwa mara ya kwanza katika nchi ile.

Nieleze anachokisikiliza, maana nilikaa naye siku tano nikiuliza maswali.

Njia ya kwanza inakwenda kutoka mkononi hadi kichwani. Umeme mdogo unapiga neva kwenye kifundo cha mkono, na mashine inangoja kuona kama habari imefika juu ya mtulinga, halafu kwenye ubongo. Habari hiyo ikifika kichwani ni ndogo sana, inapimwa kwa sehemu za milioni moja za volti, na imezama ndani ya kelele za ubongo wenyewe na za vyombo vyote vya chumba. Fikiria mtu ananong'ona jina lako katikati ya soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Mara moja hutasikia. Akilirudia mara mia kadhaa, kwa sauti ileile, kwa nafasi ileile, kelele za wengine zinafutana zenyewe na jina lako linabaki. Mashine inafanya hivyo: inapiga mamia ya mara, inajumlisha, inagawanya, wimbi linachomoza. Kimo cha wimbi kikishuka kwa nusu, au habari ikichelewa kufika kwa asilimia 10, ni kengele.

Njia hii ina tundu, na tundu lenyewe liko mahali pabaya. Neva zinazopigwa pale kifundoni zinategemea zaidi mizizi ya chini. Mzizi wa namba 5, ambao ndio unaoinua bega na kusaidia kukunja kiwiko, hauna sauti ya kutosha kwenye njia hiyo. Mashine inaweza kukuambia mambo ni shwari huku mzizi wa bega lenyewe unateseka. Ndiyo maana kuna njia ya pili, inayokwenda kutoka kichwani hadi mkononi: umeme unapigwa juu ya fuvu, amri inateremka, msuli wa bega unajibu. Merton na Morton walionyesha mwaka 1980, huko Uingereza, kwamba ubongo unaweza kuamshwa namna hiyo bila kufungua fuvu. Kwa watoto wadogo inahitaji nguvu zaidi kwa sababu njia za amri hazijakomaa. Na taya linajikaza kila unapopiga, kwa hiyo mtoto anawekewa shashi iliyokunjwa kati ya magego asijing'ate ulimi.

Njia ya tatu ni kuacha misuli izungumze yenyewe. Neva ikiguswa au ikivutwa, msuli wake unatoa mlio kwenye spika, mfano wa bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Lakini neva iliyokatwa kwa kisu kikali inaweza isitoe mlio wowote. Kimya si salama siku zote.

Basi, siku ile. Daktari alikuwa amefika pale pa kuvuta. Wasaidizi wawili wameshika kombe kwa vyombo, mmoja anafunga uzi. Dakika mbili tatu hivi, yule mwanamke akasema, bila kupandisha sauti, "Kushoto inashuka." Daktari hakuuliza unamaanisha nini. Alisimama palepale, mikono hewani. Akauliza, "Na kulia?" Kulia ilikuwa imetulia. Swali lile fupi nimelitafakari miaka mingi. Kama mawimbi ya mikono yote miwili yangeshuka, kosa lingetafutwa kwenye dawa ya usingizi, kwenye presha ya damu iliyoanguka, kwenye baridi ya mwili. Mkono mzima ndiye shahidi. Ukiwa umetulia na mwenzake anazama, basi shida iko pale tunaposhika. Nyuzi zikalegezwa. Kombe likarudishwa juu kidogo. Mtoa dawa ya usingizi akapandisha presha. Wakangoja. Nilitazama saa ya ukutani: dakika tisa ndipo wimbi likarudi kwenye kimo chake. Wakashona kombe juu kidogo kuliko walivyokusudia, wakamaliza.

Jioni mtoto yule alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Sitaki kudai kwamba bila mashine asingekishika. Ulemavu huu ni adimu, na mengi tunayoyajua juu ya mashine hizi yametoka kwenye upasuaji wa uti wa mgongo uliopinda. Ninachoweza kusema ni kwamba kulikuwa na mtu chumbani ambaye kazi yake yote ilikuwa neva, na daktari alimsikiliza.

Kuna jambo moja la mashine hizi lililonifurahisha hadi nikampigia simu usiku mwenzangu wa Bukavu, fundi wa usingizi. Gesi za kulaza watu, zile zinazotumika kwenye hospitali kubwa, zinazamisha mawimbi. Kwa hiyo wanapotaka kusikiliza neva wanaziacha, wanamlaza mtoto kwa dawa za mshipani, propofoli na remifentanili, na dawa ya kupooza misuli haiongezwi tena baada ya kuingiza mpira wa kupumulia. Lakini iko dawa moja ambayo haizimi mawimbi, mara nyingi inayakuza: ketamini. Ketamini yetu! Ile iliyotengenezwa Detroit mwaka 1962, ambayo kwetu inalaza mtoto aliyevunjika paja, mama anayepasuliwa, askari, kila mtu, kwa sababu haihitaji mitambo mikubwa na mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Tuliyoizoea kama dawa ya wasio na kitu kumbe ndiyo rafiki wa neva. Mwenzangu alicheka, akaniambia, "Basi nusu ya mashine tunayo."

Nusu nyingine hatuna. Na hata tungeletewa kigari kile kesho, kuna umeme unaokatika, kuna jenereta ya uani ambayo mtetemo wake wa mara 50 kwa sekunde ungejaa kwenye skrini, kuna sindano zinazotumika mara moja na kutupwa, na kuna lile lililo gumu kuliko yote, mtu wa kuisoma. Wimbi lisilo na msomaji ni mchoro tu.

Nimewahi kuulizwa kwa nini tusimwamshe mtoto katikati ya upasuaji na kumwambia asogeze vidole. Wafaransa, Vauzelle na Stagnara na mwenzao, waliandika juu ya njia hiyo mwaka 1973 kwa wagonjwa wa uti wa mgongo, na ilisaidia watu wengi kabla ya mashine. Kijana wa miaka 15 uliyemwandaa vizuri anaweza. Mtoto wa miaka 6, kifudifudi, mgongo wazi, mpira kooni, hapana. Ataogopa, atajirusha.

Sasa nifike kwa binti wa Bagira, hapahapa Bukavu.

Alikuwa na miaka 6, bega la kushoto, ngazi ya tatu kwa macho yangu. Shati jeupe la shule lilikuwa limeshonwa upya na mama yake, kola ya upande mmoja imeinuliwa ili isimkate sikio. Mama alikuwa na swali moja, alilirudia mara tatu: "Ataweza kubeba maji?" Nilimwambia nitamjibu baada ya kucheza.

Mchezo ni huu. Jiwe: unakunja ngumi. Karatasi: unafungua kiganja na kunyoosha vidole. Makasi: unatawanya vidole viwili. Mwishoni duara: ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada. Madaktari wa watoto waliovunjika kiwiko wanaupenda mchezo huu duniani kote, kwa sababu kila umbo linauliza neva yake. Jiwe ni neva ya katikati. Karatasi ni ile ya nyuma ya mkono, inayonyoosha. Makasi ni ile ya upande wa kidole kidogo. Duara ni tawi la neva ya katikati linalojificha ndani kabisa. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka 6 akunje na kunyoosha kwa amri, atakuchoka. Lakini mwambie mshindane, atakuonyesha neva zote nne akicheka. Baada ya hapo ninamwomba akunje kiwiko nami nikimzuia, asukume kiwiko nje nami nikimzuia, na afumbe macho aniambie pamba imemgusa wapi, hasa kwenye ngozi ya nje ya bega. Nguvu ya kila msuli tunaipa namba, 0 hadi 5, na 5 ndiyo nguvu kamili. Naandika yote kwenye daftari la mistari, tarehe na saa. Watoto wa bega hili mara nyingi wana shida nyingine za shingo, kwa hiyo udhaifu wa zamani unaweza kuwepo. Yule mvulana wa miaka 9 hakuandikiwa ukurasa huu. Binti aliandikiwa kurasa mbili. Vidole vyote: 5. Kiwiko: 5. Bega: 4.

Siku moja kabla ya upasuaji tulikaa pamoja, daktari, fundi wa usingizi, wauguzi wawili na mimi. Nikauliza swali langu: kesho nani analinda neva? Daktari ni mtu mzima, amewafundisha wengi mjini hapa. Alinitazama juu ya miwani. Nilifikiri amechukia. Akasema, "Wewe. Vaa, uingie."

Hivyo kesho yake nikaingia bloku, yaani chumba cha upasuaji, kofia na maski, nikakalishwa kwenye kigoda upande wa kushoto, mkono wa binti umepitishwa chini ya shuka za kijani hadi kwangu. Kwanza alilazwa chali, mtulinga ukafunguliwa kwa mkato mdogo na kukatwa. Halafu akageuzwa kifudifudi. Dawa ya kupooza misuli haikuongezwa. Hilo tulikubaliana, kwa sababu mkono uliopoozwa hauwezi kuniambia kitu. Kwenye kidole chake cha kati cha kushoto tulibana kile kibanio kinachopima oksijeni, kinachochora mapigo. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kifundo chake, vidole viwili juu ya mapigo, mkono mwingine umekumbatia kiganja chake chote.

Saa mbili za namna hiyo ni ndefu. Unasikia joto la kiganja kidogo. Mara moja, daktari alipokuwa akitoa ule ufito wa mfupa karibu na shingo, gumba lake liliruka ndani ya mkono wangu, kama samaki anayeguswa na ndoano. Nikasema, "Gumba limeruka." Akasogeza chombo, akabadili njia. Halikuruka tena.

Kisha wakavuta. Nilikuwa nimekodolea mchoro wa mapigo. Vilima vikawa vifupi, vikawa vifupi zaidi, vikawa mstari. Chini ya vidole vyangu mapigo yalikuwa yamepotea. "Daktari, kidole kimenyamaza." Akalegeza. Tulingoja. Vilima vikarudi kimoja kimoja. Akajaribu tena kwa upole zaidi, mapigo yakabaki, akasema, "Tunaachia hapa." Bega lingeweza kushuka sentimita moja zaidi. Aliiacha hiyo sentimita, na mimi nasema alifanya vyema.

Najua vizuri kwamba mapigo si neva. Kibanio kile kinaniambia juu ya mshipa wa damu unaopita mlango mmoja na neva, hakiniambii juu ya neva zenyewe. Damu inaweza kuendelea kupita huku neva imekandamizwa. Ni jirani anayepiga kelele kwa ajili ya bubu, na jirani huyo anaweza kuwa amelala. Ndiyo maana kazi haikuishia bloku.

Saa kumi na moja jioni alifungua macho vizuri. Mkono ulikuwa umefungwa kifuani, vidole nje. Nikachuchumaa kando ya kitanda, nikakunja ngumi yangu. Jiwe. Akakunja yake, taratibu lakini yote. Makasi, akatawanya. Duara, akaweza. Nikarudisha jiwe langu na kumwambia, nifunike sasa, nishinde. Alijaribu. Vidole vilinyooka nusu, vikatetemeka, vikaanguka. Alinitazama kama mtu aliyesahau neno analolijua.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu. "Iko nini?"

Nilimwambia kila kitu. Kwamba jana karatasi yake ilikuwa 5 na leo ni 2, kwamba neva inayonyoosha vidole imechoka au imevutwa, kwamba neva nyingine zinajibu. Tulimpigia daktari. Kwa sababu daftari lilikuwepo, hakupoteza hata dakika moja kuuliza kama ni udhaifu wa zamani. Alifika usiku na tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, akafungua bendeji, akaregeza mkono, akauinua juu ya mto ili bega lisining'inie. Tulikubaliana kumpima kila saa hadi asubuhi. Wauguzi wa zamu walijifunza mchezo usiku ule, na nafikiri ni usiku pekee ambao wodi ile ilisikika "jiwe, karatasi, makasi" saa tisa za usiku. Asubuhi ilikuwa bado 2. Haikuwa imeshuka. Daktari akasema tusirudi bloku, tungoje.

Kungoja neva ni kazi ya mikono. Kibanzi cha kushika kifundo kisianguke. Vidole kunyooshwa na mama mara nne kwa siku ili viungo visikauke. Wiki ya pili karatasi ilikuwa 2. Wiki ya tatu, 3. Mama alikuwa anashuka kutoka Bagira kwa miguu hadi penye teksi, mvua ya Novemba, udongo mwekundu hadi magotini, na hakukosa siku hata moja.

Wiki ya saba walifika mapema, nikiwa bado nafungua dirisha. Binti hakungoja salamu. Aliniambia, "Weka jiwe." Nikakunja ngumi, nikaiweka mezani juu ya daftari. Akaleta kiganja chake cha kushoto kutoka juu, vidole vitano vimenyooka, akaufunika mkono wangu, akaubonyeza.

"Mama kine, nilikufunika."

Nikamwomba anipe mkono wangu ili niandike.